Mgodi, Stendi na Halmashauri: Historia ya Klabu za Soka za Shinyanga na Geita

Mpira wa miguu na uchimbaji wa madini vimefuatana tangu karne ya 19, na mfano wa mapema wa ufuatano huo uko Huelva, mji wa bandari wa kusini-magharibi mwa Hispania. Mwaka 1873 kampuni ya Kiingereza ya Rio Tinto ilinunua migodi ya shaba ya mkoa wa Huelva, ikapeleka wahandisi, madaktari na makarani, na tarehe 23 Desemba 1889 wageni hao pamoja na wenyeji wachache waliunda klabu ya michezo ambayo leo inaitwa Recreativo de Huelva na ambayo Wahispania huitambua kuwa kongwe kuliko klabu zao zote za soka. Klabu hiyo haijawahi kutwaa ubingwa wa nchi, na hatua yake ya juu kabisa ilikuwa fainali ya Kombe la Mfalme ya mwaka 2003, ambayo ilipoteza. Lakini madeni yalipoielemea na wenye hisa wakashindwa kuibeba, halmashauri ya mji iliitwaa mwaka 2016 kwa hoja kwamba timu hiyo ni mali ya watu wa Huelva kabla ya kuwa mali ya mtu yeyote mwingine. Hoja hiyo, yaani timu ni ya nani, ndiyo inayofaa kuongoza masimulizi ya soka ya Shinyanga na Geita, kwa kuwa katika ukanda huo wa almasi na dhahabu kila klabu iliyofika Ligi Kuu ilikuwa imelijibu swali hilo kwa namna yake, na kila jibu lilikuwa na gharama zake.

Ni vyema kutangulia kusema kwamba ushindani wa makundi mbele ya umati haukuletwa Usukumani na mpira. Muda mrefu kabla ya goli la kwanza kusimikwa, wachezaji wa ngoma wa Kisukuma walikuwa wamegawanyika katika jumuiya mbili kubwa, Wagika na Wagalu, ambazo mapokeo ya mdomo huzihusisha na waganga wawili waliokuwa mahasimu, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno, vijana wakiwa na nafasi na chakula kikiwa ghalani, makundi ya pande hizo mbili huchezea uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila moja na manju wake, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo, na mshindi huwa yule anayewavuta watazamaji wengi zaidi upande wake. Dawa za kuvutia watu, maneno ya kumkejeli mpinzani na uaminifu unaorithiwa kwa baba vilikuwa sehemu ya mchezo. Mtu aliyelelewa katika desturi hiyo hakuhitaji kufundishwa maana ya kuwa shabiki. Kilichokuwa kigeni ni mambo mengine: ligi yenye ratiba, usajili wa wachezaji, na zaidi ya yote fedha za kuiendesha timu mwaka mzima, maana ngoma hugharimiwa na mavuno ya wachezaji wenyewe, ilhali timu ya ligi hutaka mishahara, nauli na malazi mvua inyeshe isinyeshe.

Fedha za namna hiyo zilionekana kwanza Mwadui. Mwaka 1940 mwanajiolojia wa Kanada, John Thorburn Williamson, aligundua mahali hapo, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Kishapu, bomba la kimbalaiti, yaani mwamba wa asili ya volkano uliopandisha almasi kutoka vina vya ardhi. Bomba hilo lina ukubwa wa takriban hekta 146, na ni miongoni mwa makubwa zaidi yaliyowahi kuchimbwa duniani. Mwaka 1947 lilitoa almasi ya waridi ya karati 54.5, ambayo Williamson aliitoa zawadi ya harusi kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Alipofariki mwaka 1958 mgodi uligawanywa nusu kwa nusu kati ya kampuni ya De Beers na serikali ya Tanganyika. Katika enzi ya Ujamaa ukawa mali ya dola. Mwaka 1994 De Beers ilirudi, na mwaka 2009 kampuni ya Petra Diamonds ikachukua asilimia 75 ya hisa, serikali ikibaki na asilimia 25.

Almasi ni kitu kidogo kinachofichika kirahisi, na kwa sababu hiyo Mwadui ilijengwa kuwa mji wa kampuni uliozungushiwa uzio, wenye nyumba za wafanyakazi, shule, hospitali, uwanja wa ndege na viwanja vya michezo, ambamo mtu huingia na kutoka kwa ruhusa. Timu iliyozaliwa katika mji wa namna hiyo ilikuwa huduma mojawapo ya mwajiri, kama zahanati au maji ya bomba. Mfumo huo ulienea nchi nzima katika miongo iliyofuata uhuru, hata ukapata jina la timu za mashirika: shirika au kiwanda kilimwajiri kijana, kikamwandikia kazi ya ukarani au ya karakana, naye akautumikia uwanja kuliko meza. Pamba ya Mwanza, iliyotwaa ubingwa wa Tanzania mwaka 1990, ilisimama juu ya zao la pamba la kanda hiyohiyo ya Ziwa, na Mtibwa Sugar ya Morogoro, bingwa wa 1999 na 2000, ilisimama juu ya miwa. Faida ya mfumo huo ilikuwa kubwa, kwani mchezaji alilala akijua kesho atakula nini, na baada ya kustaafu soka alibaki na kazi. Udhaifu wake ulikuwa mmoja tu, nao ulitosha: timu haikuwa na maisha yake yenyewe, bali ilivuta pumzi kupitia mapafu ya mgodi au kiwanda.

Mwadui FC iliporudi katika ngazi ya juu, msimu wa 2015/16, ikiwa imepandishwa na kocha Jamhuri Kihwelo, maarufu kwa jina la Julio, ilidumu misimu sita mfululizo. Mwezi Oktoba 2019, katika Uwanja wa CCM Kambarage mjini Shinyanga, iliifunga Simba bao 1-0, wakati Simba ilikuwa bingwa mtetezi na ilikuwa haijapoteza mchezo wowote wa ligi msimu huo. Aprili 2020, bei ya almasi ilipoporomoka duniani kwa sababu ya janga la UVIKO-19, mgodi wa Mwadui ulisitisha uzalishaji na haukuanza tena hadi mwaka uliofuata. Oktoba 2020 Simba ilijibu kwa mabao 5-0, na msimu wa 2020/21 ulipokwisha Mwadui ilikuwa mkiani mwa msimamo wa ligi, ikashuka daraja. Soka ina sababu nyingi za kushinda na kushindwa, na haitakuwa haki kuyabebesha mashimo ya mgodi makosa yote ya uwanjani. Lakini mwanahistoria anayeziweka tarehe hizo sambamba hawezi kujifanya hazioni.

Stand United ilianza upande wa pili kabisa wa maisha ya mkoa. Jina lake limetokana na stendi ya mabasi ya Shinyanga, mahali ambapo hapakuwa na uzio wala mwajiri mmoja, bali mawakala wa mabasi, wapiga debe, madereva, utingo, wauza maji na wafanyabiashara wadogo ambao riziki yao hutegemea watu wanaopita. Stendi katika mji wa Tanzania ni zaidi ya kituo cha usafiri, kwa kuwa ndiko habari hufika kwanza, ndiko kijana asiye na cheti hupata kibarua, na ndiko hisani na ugomvi wa mji hukutana. Klabu ya stendi hujengwa kwa michango ya mkononi, na kila aliyechanga hujiona mwenye mali. Hata jina la utani ambalo mashabiki waliipa timu hiyo, Chama la Wana, linabeba maana hiyo: katika lugha ya mitaani wana ni vijana wenzako, rika lako, watu wa kijiweni kwako, na chama lao ni kundi ambalo hakuna aliyewaundia.

Kisheria pia hali ilikuwa hivyo. Michezo ya Tanzania husimamiwa na Baraza la Michezo la Taifa, lililoanzishwa kwa Sheria Na. 12 ya mwaka 1967, na kwa utaratibu wake klabu ya wananchi husajiliwa ikiwa na katiba, wanachama wenye kadi, mkutano mkuu na uongozi wa kuchaguliwa. Timu ya mgodi haihitaji kumpigia kura meneja wake. Timu ya stendi haiwezi kuishi bila kura. Utaratibu huo ndio uliozikuza Simba na Yanga kwa miongo mingi, pamoja na migogoro yao yote, na ndio uliowapa watu wa Shinyanga nafasi ya kuwa na timu ambayo haikuzaliwa na kampuni.

Stand ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2014/15 pamoja na Ndanda ya Mtwara na Polisi Morogoro, mwaka mmoja kabla ya Mwadui, na kwa misimu minne, kuanzia 2015/16 hadi 2018/19, mkoa mmoja uliosifika zaidi kwa mifugo, pamba na almasi ukawa na timu mbili katika ligi ya juu ya nchi. Timu hizo zilipokutana, mchezo ulikuwa na maana isiyoandikwa kwenye tiketi: wa ndani ya uzio dhidi ya wa nje, wenye mshahara dhidi ya wenye kuungaunga.

Lakini kufikia wakati huo hata stendi ilikuwa imefikiwa na fedha za mgodi. Mwaka 2015 kampuni ya Acacia, ambayo hadi Novemba 2014 ilijulikana kama African Barrick Gold na ambayo ilimiliki migodi ya dhahabu ya Bulyanhulu na Buzwagi upande wa Kahama, iliingia mkataba wa kuidhamini Stand United. Kwa klabu iliyozoea kuchangishana nauli, mabadiliko yalikuwa ya ghafla. Aliajiriwa kocha Mfaransa, Patrick Liewig, aliyekuwa amewahi kuifundisha Simba. Wakasajiliwa wachezaji kutoka nje ya nchi. Na mshambuliaji wa klabu hiyo, Elias Maguri, akaitwa timu ya taifa, Taifa Stars, na kufunga bao katika sare ya 2-2 dhidi ya Algeria jijini Dar es Salaam tarehe 14 Novemba 2015, katika mchezo wa kuwania kufuzu Kombe la Dunia, bao la pili likifungwa na Mbwana Samatta. Kwa mji wa Shinyanga kuwa na mchezaji wa timu yake katika orodha hiyo lilikuwa jambo la heshima ambalo halijapata kulipwa haki yake katika maandishi ya soka ya nchi hii, ambayo kwa kawaida huanzia na kuishia Kariakoo, kwa Simba na Yanga.

Fedha hizohizo zilifufua swali ambalo umaskini ulikuwa umelilaza. Mwaka 2016 klabu iligawanyika pande mbili, upande mmoja ukisimama na klabu ya wanachama, upande mwingine na kampuni iliyosajiliwa kwa jina la Stand United, kila upande ukidai kuwa ndio halali wa kusaini, kupokea na kuamua. Mgogoro ulipokosa suluhu, Acacia ilijiondoa katika udhamini mwaka huohuo. Ni rahisi kuwalaumu viongozi wa pande zote mbili kwa tamaa, na lawama hiyo ilitolewa kwa wingi, lakini tatizo lilikuwa na mzizi wa kina zaidi: sheria na desturi za wakati huo zilikuwa hazijaeleza kwa uwazi ni vipi klabu ya wanachama inaweza kuendeshwa kibiashara bila wanachama kupoteza mali yao. Serikali iliposisitiza, mwaka 2017, kwamba katika klabu inayobadilishwa kuwa kampuni wanachama wabaki na asilimia 51 ya hisa na mwekezaji asizidi asilimia 49, mjadala mzima ulihusishwa na Simba na Yanga, kana kwamba haukuwa umekwisha kuigharimu klabu ya Shinyanga mdhamini wake.

Bila Acacia, Stand iliendelea kwa misimu mitatu mingine, jambo ambalo kwa hakika linastahili heshima kuliko mafanikio ya mwaka wa udhamini. Msimu wake wa mwisho, 2018/19, ulikuwa mgumu kwa klabu zote ndogo, kwa sababu ligi ilipanuliwa hadi timu 20, kila timu ikalazimika kucheza michezo 38, na ligi yenyewe haikuwa na mdhamini mkuu baada ya Vodacom kuondoka. Timu ya Shinyanga ilisafiri kwa basi hadi Mtwara, Mbeya, Tanga na Bukoba, na kila safari ilikuwa deni. Hata hivyo, Septemba 2018 ilikwenda Dar es Salaam ikapoteza kwa Yanga kwa mabao 4-3, mshambuliaji wake kutoka Burundi, Alex Kitenge, akifunga mabao yote matatu ya Stand, na Januari 2019 ikaifunga Yanga 1-0 katika Uwanja wa Kambarage, kikiwa kipigo cha kwanza cha Yanga katika ligi ya msimu huo. Msimu ulipofungwa, Yanga ilikuwa ya pili, nayo Stand ilishuka pamoja na African Lyon.

Mwadui nayo ilikaribia kuzama msimu huohuo, na iliponea katika mchujo, yaani michezo miwili ambayo timu ya mwisho mwisho ya Ligi Kuu hucheza na timu ya daraja la chini ili kuamua nani aende wapi. Mpinzani wake alikuwa Geita Gold. Almasi ilikutana na dhahabu, na kwa mara hiyo almasi ikashinda.

Geita ina historia ndefu ya dhahabu kuliko ya soka. Mgodi wake wa kwanza mkubwa ulifanya kazi kuanzia miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966, na kwa zaidi ya miaka 30 mji ulibaki na wachimbaji wadogo na wakulima, hadi mgodi wa kisasa wa Geita Gold Mine ulipozinduliwa mwaka 2000. Mwaka 2012 Geita ilimegwa kutoka mikoa ya Mwanza, Shinyanga na Kagera na kuwa mkoa kamili, na kama ilivyo kawaida ya mikoa mipya, watu wake walitaka vitu vya kuonyesha kwamba wao sasa si wilaya ya mtu, timu ya Ligi Kuu ikiwa miongoni mwa vitu hivyo. Hamu hiyo iliwahi kupotoka. Februari 2016, katika siku ya mwisho ya kundi lao la Ligi Daraja la Kwanza, Geita iliifunga JKT Kanembwa mabao 8-0 wakati Polisi Tabora, iliyokuwa ikiwania nafasi ileile ya kupanda, iliifunga JKT Oljoro mabao 7-0. Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania, TFF, liliziadhibu timu zote nne kwa upangaji wa matokeo na kuzishusha daraja, na nafasi ya kupanda ikaenda kwa Mbao FC ya Mwanza. Doa hilo ni sehemu ya historia ya klabu, na maandishi yanayoliruka huwanyima wasomaji uwezo wa kupima jinsi klabu hiyo ilivyojirekebisha baadaye.

Mfumo wa Geita Gold ulikuwa jibu la tatu kwa swali la mwenye timu: klabu ilikuwa ya Halmashauri ya Mji wa Geita, na mgodi ulikuwa mdhamini. Mpangilio huo uliimarishwa na marekebisho ya sheria ya madini ya mwaka 2017, ambayo yaliitaka kila kampuni ya madini iandae mpango wa wajibu wake kwa jamii na kukubaliana na serikali ya mitaa ya mahali inapochimba, hivyo kwamba halmashauri haikuwa tena mwombaji anayesubiri hisani, bali mshirika anayekaa mezani. Baada ya kushindwa katika mchujo wa 2019, Geita ilipanda hatimaye kwa msimu wa 2021/22 na, ikiwa chini ya kocha Fred Felix Minziro, ikamaliza ya nne nyuma ya Yanga, Simba na Azam. Mshambuliaji wake George Mpole alifunga mabao 17, akawa mfungaji bora wa ligi, bao moja mbele ya Fiston Mayele wa Yanga. Nafasi hiyo iliipeleka Geita katika Kombe la Shirikisho Afrika, ambako ilitolewa na Hilal Alsahil ya Sudan kwa kanuni ya bao la ugenini, baada ya kupoteza 1-0 na kushinda 2-1. Mpole alikwenda kucheza Lubumbashi, na mwaka 2024, misimu mitatu tu baada ya kupanda, Geita Gold ilishuka pamoja na Mtibwa Sugar.

Ukiyatazama majibu hayo matatu, lile la Stand ndilo lililopata mitihani migumu zaidi na ndilo lililothibitisha uimara zaidi. Timu ya mgodi huweza kuzimwa na uamuzi wa kikao kinachofanyika London, na timu ya halmashauri huweza kubadilishiwa bajeti pamoja na mkurugenzi wake, lakini timu ya stendi, ambayo ilifukuziwa mdhamini na mgogoro wake yenyewe, ilibaki mikononi mwa watu walewale walioianzisha. Msimu wa 2024/25 Stand United ilimaliza ya tatu katika Ligi ya Championship, ambalo ndilo jina jipya la daraja la kwanza, ikafika mchujo wa kupanda na kushindwa na Fountain Gate. Geita Gold ilicheza ligi hiyohiyo, na katika timu 16 za Ligi Kuu ya msimu huo hapakuwa na hata moja iliyotoka Shinyanga au Geita.